Kabla Hujanunua Turbo

S.L.P. 73,
Endarasha, Nyeri.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Shemeji Mwangangi mpendwa,

Nakusalimu kutoka Endarasha, ambako leo jua limetoka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano na kila nyumba imeanika nguo mpaka juu ya ua. Habari za huko Saskatoon? Mwili una nguvu? Mgongo ule uliokuwa ukiulalamikia kwa kulala chini ya matrekta ya watu umepona? Na baridi je, imekwisha kuanza ama mnaingojea? Mama bado hakubali kwamba mwaka jana ilifika nyuzi thelathini chini ya sifuri. Anasema ulikuwa unamtania, maana hakuna mtu anayeweza kulala ndani ya friji na kuamka akiwa hai.

Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Ndugu yako Mutuku ni mzima. Koti lake la kazi halifungi tena kifungo cha chini, lakini yeye anasema koti ndilo lililonywea kwa kufuliwa, nasi tumemwachia maneno yake. Mwanetu Kasyoka yuko gredi ya tano na ameanza kunisahihisha Kiswahili. Anasema Mjaluo wa Ahero aliyeolewa na Mkamba na kufundisha Nyeri hawezi kukabidhiwa sentensi. Mimi nina mafua tu, ndiyo yaliyonizuia kwenda kanisani leo, na ndiyo yaliyonipa nafasi ya kushika kalamu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu mnayeonana kwenye simu kila wiki. Sababu ni wewe. Kwenye simu hunipi nafasi. Kabla sijamaliza kusema habari za nyumbani umeshauliza kama rejeta bado inavuja, kisha Mutuku ananyakua simu mnaongea turbo mpaka bando linaisha. Barua haikatizwi. Itakaa njiani wiki tatu, lakini ikifika utanisikiliza mpaka mwisho, hata pale nitakapokukasirisha.

Basi tuje kwenye pikapu yako, maana najua umeshaanza kuruka mistari ukiitafuta. Ipo, ni safi, na hakuna kuku anayelala ndani yake. Lile tukio la kuku lilikuwa la mara moja tu, na Mutuku hakupaswa kukuonyesha picha.

Orodha yako niliipata, ile uliyoichora na mishale. Niliichapisha ofisi ya walimu nikaibandika jikoni karibu na kalenda ya kanisa. Turbo kubwa. Intakula ya kupoza hewa, ikae mbele ya rejeta. Injekta mpya. Ekzosi pana. Klachi nzito. Na mwisho kabisa kompyuta ya injini iandikwe upya, kazi ambayo mafundi wa siku hizi wanaiita kutyuni, ndipo pikapu ipande mlima kana kwamba inateremka. Mama aliisoma yote polepole akiwa na kikombe mkononi, akauliza hizo dawa ni za nani.

Lakini kuna jambo hukuliandika kwenye orodha, nami nililipata kwa Mutuku. Aliniambia kwamba ili ununue turbo hiyo utafanya kazi likizo yako yote ya Desemba, na kwamba mkubwa wako anataka jibu kabla Oktoba haijaisha. Maana yake huji tena mwaka huu. Huu ni mwaka wa tano, shemeji. Kila mwaka unasema utakuja injini ikiwa tayari, na kila mwaka orodha inarefuka.

Tunajua sote ilikoanzia, ingawa katika nyumba hii hatuitaji siku ile. Acha leo niitaje. Ilikuwa Jumapili ya Novemba, wiki chache kabla hujasafiri. Wewe ulikuwa kwenye usukani, Mama kando yako na leso mpya, sisi wengine tunafuata kwa miguu kwa sababu nyuma kulikuwa na viazi vya mkulima Mwai vya kupelekwa Nyeri kesho yake. Mkavuka daraja, mkaanza kupanda kile kipandio cha kwa Ndungu. Katikati pikapu ikachemka. Moshi, mvuke, kisha ikaanza kurudi nyuma, na wewe unapiga kelele tulete mawe.

Mama akashuka kwenye matope. Kiatu cha kushoto kikabaki humo. Watu waliokuwa wakienda kanisani wakavua makoti wakasukuma, na wakati huo huo mkokoteni wa punda ukatupita, mwenyewe akatusalimu kwa heshima zote. Ukageuka ukamwambia Mama mbele ya watu wote: "Mama, hii gari hutapanda tena mpaka niiwekee injini ya maana. Na ni mimi nitakupeleka, si mtu mwingine."

Ulisema kwa hasira ya saa ile. Pengine kufika jioni ulikuwa umesahau. Mama hakusahau. Tangu siku hiyo hajatia mguu ndani ya pikapu, hata siku ya mvua, hata ile wiki goti lilipovimba. Akiulizwa anajibu neno moja: kijana wangu alisema nisipande.

Na wewe hujui hilo limenifanyia nini. Kanisa liko mwendo wa dakika arobaini. Kila Jumapili watu wananiona nikipita na pikapu huku mama mkwe wangu akitembea kando ya barabara na mwavuli wake. Nikisimama kumsihi apande, anakataa kwa adabu na kunishukuru. Nikiondoka, wao wanaona nimemwacha. Kuna mama mmoja aliwahi kusimama katika maombi akamwomba Mungu anipe moyo wa huruma kwa wazee, akanitaja kwa jina, Mwalimu Adhis, na kanisa zima likaitikia amina. Mutuku alicheka mpaka akatoka nje. Mimi mpaka leo sijacheka.

Kwa hiyo uelewe kwamba mwezi wa Agosti nilipoamua kuishughulikia orodha yako sikuwa nakufanyia wewe hisani. Nilikuwa najiokoa. Shule zilipofungwa tu, tukaishusha pikapu mpaka Sagana kwa yule fundi uliyemwona kwenye mtandao. Umekuwa ukimwita yule jamaa wa Sagana. Jamaa anaitwa Watiri, ni mama wa watoto watatu, anavaa ovaroli ya buluu na kitambaa cha maua kichwani, na gereji yake ni safi kuliko maabara yangu.

Nilitarajia aanze kufungua boneti. Hakufungua. Alichomeka waya chini ya usukani, akaweka kompyuta yake magotini, akawasha injini na kutazama namba, vile daktari anavyosikiliza kifua. Kisha akaanza maswali. Tunaishi wapi. Mlima gani unatusumbua. Tunaupanda kwa gia gani. Nani anaendesha. Na mzigo ni kilo ngapi.

Ah, hapo ndipo nilipojiona. Wewe unanijua nikipewa swali. Niliomba karatasi nikamfanyia hesabu kama niko mbele ya kidato cha tatu: magunia kumi ya viazi, kila gunia kilo tisini, jumla kilo mia tisa, na pikapu ni ya tani moja. Nikamchorea hata mteremko na mshale wa mvutano. Mutuku akatingisha kichwa kukubali, yeye ndiye afisa wa kilimo, nani atambishia habari za gunia? Watiri akaichukua karatasi yangu, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni.

Hakutaka kugusa habari ya turbo kwanza. Alisema tuijaribu injini vile ilivyo. Akaosha injekta, akabadilisha chujio, akaityuni kwa mzigo wa kilo mia tisa kama nilivyomwambia. Shemeji, tuliporudi bila mzigo, Mutuku alitabasamu kutoka Karatina mpaka Nyeri mjini bila kupumzika. Pikapu ilikuwa inavuta vizuri, haina kelele, haina moshi. Alitaka kukupigia simu pale pale barabarani, nikamwambia asubiri Jumamosi.

Jumamosi tukapakia kwa Mwai, magunia kumi kama kawaida, tuyapeleke Wang'uru na kurudi na mchele. Tukavuka daraja. Tukaanza kipandio cha kwa Ndungu. Kufika pale pale, karibu na ule mti uliokatwa, mshale wa joto ukapanda, moshi mweusi ukatoka, na Mutuku akaruka nje kutafuta mawe. Naapa kwa jina la baba yangu, punda akatupita. Punda ni mwingine, yule wa zamani nadhani alistaafu, lakini mwenyewe ni yule yule na salamu ni zile zile.

Siku hiyo nilikata tamaa. Niliketi juu ya jiwe nikasema moyoni, basi anunue turbo yake, Mama aendelee kutembea, nami niendelee kuombewa. Kama kungekuwa na mtandao pale mlimani ningekutumia ujumbe ununue hata mbili.

Injini ilipopoa tukajikongoja kwa gia ya kwanza mpaka juu, kisha kwa vile kutoka pale barabara inateremka, tukafika Sagana na mzigo wote. Watiri akachomeka waya wake. Akatazama. Akatoa ile karatasi yangu mfukoni, akaifungua, akatazama tena.

"Mwalimu," akasema, "injini inasema iko na mzigo ya tani moja na nusu. Wewe unasema kilo mia tisa. Sasa kati yenu nani anadanganya?"

Nikamwambia ni injini. Sikusita hata kidogo. Nikamwambia pengine waya wake umelegea.

Hakubishana. Akashuka, akazunguka nyuma ya pikapu, akainua macho juu. "Ati hizi ndio zile magunia kumi?" Nikasema ndiyo, ahesabu mwenyewe. Akahesabu kwa kidole, kumi. "Lakini mbona ziko na kofia?"

Shemeji, wewe umekaa huku, unajua ninachosema. Viazi vya huku havifungwi kwa gunia la kawaida. Gunia likijaa, wanalishonea wavu juu na kuendelea kujaza mpaka linatokeza kilemba, ndiyo maana watu wanaliita mukurino, kwa jinsi Wakorino, wale waumini wa vilemba vyeupe, wanavyofunga vichwa. Wanunuzi wanalipenda hivyo. Nimeishi Endarasha miaka kumi na minne na ninayaona kila siku, mpaka nimeacha kuyaona. Kwangu gunia ni gunia, na gunia ni kilo tisini, kwa sababu ndivyo nilivyokariri nikiwa darasa la sita kule Ahero. Mimi, ambaye kila Januari naandika juu ya ubao: usikisie, pima.

Watiri akatuambia tukifika Wang'uru tupitie kiwanda cha mchele, wana mizani ya magari. Tukapita. Mpimaji akatoa uzito wa pikapu yenyewe, akatuambia mzigo ni kilo elfu moja mia nne na sabini. Akauliza kama tumebeba mawe.

Nikamgeukia mume wangu aseme neno. Alikuwa anatazama dashibodi, ambapo palikuwa na rundo la karatasi zake za kazi, zile anazowagawia wakulima kila Alhamisi: gunia la viazi lisizidi kilo hamsini. Zina picha ya gunia lenye kilemba, limepigwa alama kubwa nyekundu. Zimekaa pale kioo cha mbele tangu mwaka jana, zimeshaanza kupauka kwa jua. Mutuku akanyoosha mkono taratibu, akazigeuza zikalala kifudifudi.

Tulicheka, shemeji. Tulicheka mpaka mpimaji akatuuliza kama tuko sawa. Afisa wa kilimo mmoja, mwalimu wa fizikia mmoja, na kosa limetushinda wote wawili likiwa mgongoni kwetu.

Tulipokuwa tukirudi na mchele ndipo nilipoacha kucheka. Tulifika daraja, nikaikumbuka ile Jumapili yako. Nikamwambia Mutuku asimame kwa Mwai kabla ya kwenda nyumbani. Nikamuuliza Mwai kama anakumbuka siku ile ulibeba magunia mangapi. Mwai hasahau gunia. Akasema kumi na matatu. Na kilemba? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe wake ana mkia.

Kumi na matatu. Fanya hesabu mwenyewe, mimi nimeshaifanya mara nyingi.

Sasa ndipo nakuja kwenye jambo lililonifanya nitafute karatasi. Ulipotoka nyumbani Jumamosi ya kabla ya siku ile ulikuwa umepanga kubeba kumi. Mimi ndiye niliyekupigia simu jioni nikakuomba uongeze matatu ya walimu wenzangu. Uliniambia pikapu imejaa, na asubuhi utakuwa na Mama. Nikakujibu kwamba gari ni la kazi, si la maonyesho. Ukacheka, ukasema shemeji ameamuru, ukaongeza.

Asubuhi yake ulisukumwa mbele ya kanisa zima. Uliitukana injini, uliitukana pikapu, ukaapa vile ulivyoapa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye matope nimeshika kiatu cha Mama, na nilinyamaza. Sikujua kilo, Mungu ni shahidi wangu. Lakini nilijua nimekuongezea mzigo, na nilikuacha uilaumu injini kwa sababu niliona haya mbele ya watu. Kisha ukasafiri, na kila mwaka ulipoongeza kitu kwenye orodha nilikuwa nasema moyoni, ah, ni mambo ya wanaume na magari. Nimeona haya hiyo miaka mitano yote, na sikuwahi kukuambia. Nisamehe, shemeji. Injini yako haikuwa dhaifu. Ilibeba karibu tani mbili mpaka katikati ya kwa Ndungu, na Mama ndani.

Haya, nimesema. Sasa nipumue, nikueleze mpango.

Watiri amekaa na orodha yako, ameipitia mstari kwa mstari na anakusifu, anasema huyu mtu anajua kazi ila alipewa mzigo wa uongo. Turbo kubwa ameikataa kabisa. Anasema hiyo itaimaliza injini kabla Kasyoka hajaingia gredi ya sita, na turbo iliyopo inatosha. Injekta zilezile zikioshwa zinaendelea. Klachi nzito mmekubaliana, ya zamani ilikuwa imeungua kwa dhambi zetu, ameshaifunga mpya. Rejeta tumebadilisha, kwa hiyo swali lako la kila wiki limejibiwa. Springi za nyuma zimenyooshwa. Ekzosi pana nimeikataa mimi. Nikikaribia shule wanafunzi wangu wasinisikie mapema, hiyo ndiyo silaha pekee niliyobaki nayo.

Intakula ameikubali, tena kwa furaha. Anasema ni ile ndogo uliyoichora pembeni, si ile kubwa, na kwamba ile ndogo inaingia kwenye sanduku la nguo. Hilo la sanduku la nguo nimelirudia makusudi.

Magunia nayo yamevuliwa kofia. Tunabeba ishirini ya kilo hamsini, tani moja kamili, imepimwa. Mwai alinuna wiki nzima akisema wanunuzi watamwona mchoyo. Sasa Mutuku anaitumia pikapu yako kufundishia. Alhamisi iliyopita aliiegesha mbele ya wakulima, akasimulia habari ya tani moja na nusu, na badala ya kusema ni yeye akasema ni jirani mmoja. Wote walijua.

Tarehe thelathini Agosti tukajaribu. Magunia ishirini, mume wangu kwenye usukani, mimi nimeshika mlango. Daraja, kwa Ndungu, ule mti uliokatwa. Gia ya tatu. Mshale wa joto umetulia katikati kama saa iliyokufa. Na katikati ya kipandio, shemeji, tukamkuta punda. Mutuku akapiga honi kama bwana harusi. Mwenye punda akatupungia mkono, kwa heshima zake zile zile, nasi tukampita.

Kumebaki kazi moja. Watiri anasema kutyuni kwa mwisho hakufanywi gerejini. Anapanda na kompyuta yake, pikapu ina mzigo mgongoni, inapanda mlima wenyewe, na anairekebisha kwa mguu wa yule anayeiendesha, maana kila dereva ana namna yake ya kukanyaga mafuta. Ametupa Jumamosi ya tarehe ishirini Desemba. Kwenye fomu yake kuna mstari wa jina la dereva. Mutuku alikuwa ameshatoa kalamu, nikamkanyaga mguu. Mstari uko wazi.

Sasa nikuambie habari ya Mama, halafu nikuache.

Ile jioni tuliyompita punda nilisimamisha pikapu mlangoni kabisa, nikamwita. Nikamwambia, Mama, gari limepona, kesho nakupeleka kanisani, na wale wanaoniombea waone. Akatoka. Akalizunguka mara moja. Akafuta tope la pale pa kukanyagia kwa ncha ya leso yake, akafungua mlango, akatazama kiti kwa muda. Nikajua anapanda. Nikaanza hata kumshika mkono.

Akaingia ndani ya nyumba, akarudi na Biblia yake, akaiweka juu ya kiti kile cha mbele, akafunga mlango.

"Hiyo inishikie nafasi," akasema. "Huyu mwenye aliniambia nisipande, atakuja kuniambia nipande."

Biblia iko pale mpaka leo. Hataki iondolewe. Tukienda sokoni nakaa nyuma na mizigo, mimi mwalimu mwandamizi, kwa sababu kiti kina mwenyewe. Nilimwambia basi aazime nyingine kwa Jumapili, lakini kanisa zima wanasoma za Kikikuyu, ile ya Kikamba ni yake peke yake. Anasema si neno, ameshika mistari mingi kichwani.

Leo ni Jumapili ya tatu. Asubuhi, kabla sijaanza barua hii, nilimwona kupitia dirisha la jikoni akiipita pikapu kwenda kanisani, mwavuli kwapani, mikono mitupu.

Mutuku anakusalimu na anasema umlete koti, akimaanisha kubwa. Kasyoka anataka theluji ndani ya chupa, na ukimwambia haiwezekani atakuuliza sababu, jiandae. Mwai anakusalimu, ananung'unika lakini anakusalimu. Watiri hamjuani, ila anasema umpimie upana wa ile intakula ndogo kabla hujaifungasha.

Mama nilimuuliza asubuhi hiyo hiyo nikuandikie nini kutoka kwake. Amenikataza nisiandike salamu yoyote. Ati zake atakupa mwenyewe, ndani ya gari.

Mungu akulinde na baridi, akufungulie njia ya kuja na ya kurudi.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na ninayekuomba msamaha,

Phoebe Adhis